Nyumba ya Mafinga Isichorwe kwa Jua la Dar

Mtu akishapata kiwanja Mafinga, ramani ya nyumba ndiyo kitu rahisi kuliko vyote vinavyofuata. Anatumiwa kwenye simu: picha ya nyumba yenye paa la kujificha, kuta nyeupe, vioo vikubwa, gari mbele na minazi miwili pembeni. Chini yake kuna maelezo: vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, dainingi, jiko, stoo, choo cha wote. Fundi akiulizwa anasema inajengeka, na kweli inajengeka. Lakini minazi ile ingetosha kumshtua mwenye kiwanja. Mafinga hakuna minazi. Mji uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa joto hushuka nyuzi kama 6 kila unapopanda mita 1,000, aliyetoka Dar es Salaam kuja hapa ameacha njiani nyuzi zipatazo 11. Aliyechora ramani ile alikuwa anapambana na joto. Aliyeinunua atapambana na baridi, hasa Juni hadi Agosti, ndani ya nyumba iliyobuniwa kwa makusudi kupitisha upepo.

Watu wanapozungumzia kuboresha ramani, kwa kawaida wanamaanisha kuongeza: chumba cha nne, masta ya pili, ghorofa ikiwezekana. Mimi naona ramani nyingi zinazojengwa Mafinga zina mita za mraba za kutosha. Tatizo ni kwamba mita hizo zimeelekezwa pabaya na zimegawanywa kwa ajili ya familia ambayo haipo: isiyo na gunia la mahindi, isiyo na bibi mwenye magoti mabovu, isiyofiwa. Marekebisho makubwa yanayohitajika yana gharama ndogo yakifanywa kabla ya kuchimba msingi, na karibu yote hayawezekani tena lenta ikishamwagwa.

Tuanze na jua, maana ndilo linalosahaulika zaidi. Mafinga iko takriban nyuzi 8 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Katikati ya vipindi hivyo viwili, yaani tangu Machi hadi Oktoba inapoanza, jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Tarehe 21 Juni saa sita mchana linasimama nyuzi kama 58 kutoka usawa wa ardhi, likiwa kaskazini kabisa, na asubuhi linachomoza kaskazini-mashariki. Desemba linahamia kusini, lakini wakati huo liko juu mno, nyuzi kama 75, na mara nyingi limefunikwa na mawingu ya mvua. Maana yake kwa mjenzi ni moja: katika miezi ya baridi, dirisha la kaskazini linapata jua na dirisha la kusini halipati kitu kuanzia asubuhi hadi jioni.

Sasa tazama jinsi nyumba zinavyowekwa. Hapa mjini kanuni inayotawala ni barabara. Sebule inatazama barabara, varanda inatazama barabara, dirisha kubwa kuliko yote linatazama barabara. Barabara ikiwa kaskazini mwa kiwanja, mwenye nyumba amebahatika bila kujua. Ikiwa kusini, familia itanunua makochi mazuri na kuyaweka kwenye chumba chenye baridi kuliko vyote, halafu itashangaa kwa nini kila mtu anahamia jikoni ikifika saa kumi na mbili jioni.

Kuna mtego wa pili kwa wale wanaosoma zaidi. Vitabu na ramani za Ulaya na Marekani husisitiza sebule igeuzwe kusini, kwa sababu huko jua la majira ya baridi hukaa kusini. Mtu anayenakili ushauri huo Mafinga ananakili baridi. Ramani za Afrika Kusini zinafaa zaidi kwa jambo hili, kwa kuwa Johannesburg nayo iko upande wetu wa ikweta na wajenzi wake wamezoea tangu zamani kugeuza vyumba vya kukaa kaskazini.

Je, sebule ikiwa nyuma, nyumba haipotezi heshima? Ukiuliza utaambiwa hivyo. Lakini kuipa barabara mgongo si jambo geni katika nchi zetu. Tembe la Wahehe, lenye paa bapa la miti na udongo, lilipanga vyumba vyake kuzunguka ua, na maisha yote yalitazama ndani ya ua huo. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja nazo zilimpokea mgeni dakani, zikamgeuza kona, na kuficha vyumba na kiwanda, yaani ua wa ndani, mbali na macho ya mpita njia. Hadhi ya mwenye nyumba ilionekana mlangoni. Kwa hiyo, kiwanja chenye barabara kusini kipewe mlango mzuri upande huo, ukuta nadhifu na madirisha madogo, na familia ikae upande wa pili, kwenye jua. Nyumba yenyewe isogezwe kusini mwa kiwanja kadiri kanuni za mipango miji zinavyoruhusu, ili uwanja mpana ubaki kaskazini. Nyumba ya jirani yenye kimo cha mita 5 hutupa kivuli cha mita 3 hivi saa sita mchana wa Juni. Asubuhi na jioni kivuli hicho ni kirefu zaidi. Ukimbana jirani wa kaskazini, jua lote umempa yeye.

Varanda inahitaji neno lake. Karibu kila ramani inaiweka mbele ya dirisha la sebule, na pwani hiyo ni akili: varanda hufunika ukuta. Lakini chukua varanda ya upana wa mita 2 yenye paa lililo mita 2.4 kutoka chini, uiweke kaskazini mwa sebule ya Mafinga. Saa sita mchana wa Juni jua litaishia sakafuni, nusu mita kabla ya kuufikia ukuta. Dirisha lako la kaskazini limepofuka. Dawa yake ni kuisogeza varanda kando, kwenye pembe ya mashariki mwa sebule kwa mfano, ambako bado mzee atakaa asubuhi akiota jua, na kuliacha dirisha kubwa chini ya ukingo wa paa wa kawaida. Ukingo wa sentimita 60 unakinga mvua na kufunika sehemu ya juu tu ya kioo. Jua la baridi linaingia. Wasiotaka kuihamisha varanda huezeka sehemu yake kwa mabati yanayopitisha mwanga. Inasaidia, ingawa mabati hayo huchakaa mapema kuliko paa lenyewe.

Upepo nao una upande wake. Kusi ileile inayosukuma majahazi pwani, ikifika kwenye ukingo wa nyanda za wilaya yetu ya Mufindi hupanda, hupoa na kuwa ukungu. Chai ya Mufindi inaupenda ukungu huo. Mtoto aliyelala kwenye chumba cha kusini-mashariki haupendi. Kwa hiyo upande wa kusini na kusini-mashariki wa ramani uwekewe vile vyumba ambavyo hakuna anayekaa: stoo, gereji, bafu, ngazi kama zipo, makabati ya ukutani. Havitakuwa na joto, lakini vitasimama kati ya baridi na watu. Hapohapo nje ndipo pa kupanda safu ya misaiprasi ya kukata upepo. Nimeona viwanja vingi vya hapa vikifanya kinyume, miti mirefu imepandwa kaskazini kwa sababu ndiko kulikobaki nafasi, nyumba ikabaki kwenye kivuli cha paini miezi yote ya baridi.

Na ukuta wa magharibi, ambao mchoraji wa Dar anauogopa kuliko kitu chochote, hapa ni rafiki. Ukuta mnene wa tofali za kuchoma unaopigwa na jua la alasiri hukaa na joto hilo saa kadhaa na kulitoa ndani polepole, wakati watu wanapokwenda kulala. Vyumba vya kulala vya magharibi na kaskazini-magharibi vinafaa sana Mafinga. Vya mashariki vinafaa kwa watoto wanaoamka mapema kwenda shule. Cha kusini kisicho na jua ndicho kitakachoota fangasi nyuma ya kabati, na hakuna rangi itakayomaliza tatizo hilo.

Nikiambiwa nichague chumba kimoja cha kufikiria upya, nitachagua jiko. Kwenye ramani ya simu jiko ni kichumba cha mita 2.5 kwa 3, kimebanwa nyuma, mara nyingi karibu na choo, kana kwamba anayepika ni mtu wa kufichwa. Katika mji wa baridi, jiko ndiyo sebule ya kweli. Hapo ndipo watoto wanafanyia kazi za shule, jirani anakaa kwenye stuli, mama anakaanga na kusimulia. Sebule ya wageni hukaa tupu ikingoja Jumapili. Basi jiko na mahali pa kulia chakula viunganishwe viwe chumba kimoja cha mita 4 kwa 5, kaskazini-mashariki, penye jua la asubuhi, meza katikati. Sebule ibaki chumba chake chenye mlango.

Hapa sikubaliani na mtindo wa sasa wa kufungua kila kitu: jiko, meza na makochi katika ukumbi mmoja mrefu wenye dari ya mita 3.5. Unapendeza kwenye picha. Lakini hewa ya moto hupanda juu, ukumbi huo haupati joto, na harufu ya dagaa humfikia mgeni kabla ya salamu. Dari ya mita 2.7 inatosha kabisa.

Halafu kuna moto wenyewe. Wazungu waliolowea Mufindi na Sao Hill enzi za ukoloni walijenga nyumba zenye dohani, na si kwa mapambo. Sisi tulichukua umbo la nyumba zao tukaacha dohani, tukabaki na jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku. Mkaa unaoungua kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayojishika kwenye damu kwa nguvu kuliko oksijeni, na aliyelala haamki. Nyanda za Juu Kusini zinalijua janga hili. Elimu kwa redio ni nzuri, lakini mimi naliona pia kuwa ni kosa la ramani: mtu anaingiza mkaa chumbani kwa sababu chumba hakikupewa jua, hakikupewa dari, hakikupewa njia nyingine ya joto. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Ramani inayochorwa leo itakuwa bado imesimama mwaka huo, kwa hiyo mtungi wa gesi upewe kabati lake nje ya ukuta wa jiko, lenye matundu ya hewa chini, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hulala sakafuni.

Anayetaka moto wa kuota, ajenge mahali pake panapostahili: kwenye ukuta wa ndani, kati ya sebule na jiko hilo kubwa, dohani ikipanda katikati ya nyumba ili joto lake lisiishie nje. Iamuliwe kwenye ramani, maana dohani inahitaji msingi wake na nafasi kati ya kenchi. Kuni si tatizo kwenye mji unaopasua mbao kila siku, mabanzi yapo. Onyo moja tu: vipande vya mbao za dawa na nguzo visichomwe ndani kamwe. Dawa ile inaweza kuwa na shaba, kromiamu na aseniki, na sumu yake haiishi kwa kuungua.

Tugeukie hesabu ya korido. Ramani ya kawaida ya mita 12 kwa 10 huwa na korido katikati, upana wa mita 1.2, urefu wa mita 9 hivi. Hizo ni mita za mraba 10.8, sawasawa na chumba cha mtoto cha mita 3 kwa 3.6. Umejenga chumba kizima, umekiwekea sakafu, dari na paa, halafu hakuna anayekaa humo; na mara nyingi ni cha giza, taa inawaka mchana. Chanzo chake nakiona katika ile nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo na Magomeni, yenye vyumba vitatu kila upande na ukumbi katikati hadi uani. Pale ukumbi ulikuwa na kazi: kila chumba kilikuwa na mpangaji wake. Nyumba ya familia moja haina sababu ya kuurithi. Vyumba vya kulala vikikusanywa pembe moja ya nyumba kuzunguka kijia cha mita 4, korido inashuka hadi mita za mraba 4.8. Zilizookolewa ni 6 kamili.

Sita hizo ndizo stoo ya mita 2 kwa 3. Stoo ya ramani ya simu ina mita moja na nusu kila upande, inatosha ndoo, fagio na pasi. Lakini familia ya Mafinga, hata ile ya mwalimu au ya mfanyabiashara wa mbao, ina shamba mahali fulani. Julai yanakuja mahindi, yanakuja maharage, vinakuja viazi. Vitu hivi visipochorewa nafasi vitajichukulia: vitalala kwenye chumba cha wageni, na mgeni atalala na panya. Stoo ikae kusini, kwenye baridi inayosaidia viazi, iwe na mlango wa kuingilia kutoka nje ili mbebaji asipite sebuleni na gunia, na iwe na vichanja vya mbao vya kuinua magunia kutoka kwenye sakafu. Mlangoni pawe na kibaraza kilichoezekwa. Wakati wa mvua, Novemba au Desemba hadi Aprili, kibaraza hicho kitakuwa mahali pa kuacha matope mekundu ya viatu. Wakati wa ukungu, mahali pa kuanika nguo. Wachoraji wa ramani za mtandaoni hawajui kwamba nguo ya shule iliyofuliwa Jumamosi ya Julai Mufindi inaweza isikauke hadi Jumatatu.

Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3. Ukichora kwa wastani huo peke yake, vyumba vitatu vinatosha na vinabaki. Nyumba ya familia, hata hivyo, haipimwi kwa siku ya kawaida tu. Desemba ndugu wanarudi kutoka Dar, Dodoma na Mbeya, na watu 12 wanatafuta pa kulala. Sebule yenye mlango inageuka chumba cha kulala. Ukumbi ulio wazi haugeuki. Choo cha wote kikiwa na mlango unaotazama meza ya chakula, kama ilivyo katika ramani nyingi, hakuna anayekuwa huru: anayekula wala anayeingia. Kihamishiwe kwenye kijia cha mlango wa mbele, mgeni akitumie bila kuvuka nyumba. Mkwe akija hatakiwi kupita mbele ya mlango wa chumba cha wenye nyumba, na hili si jambo la kizamani, ni adabu ambayo watu bado wanaishi nayo. Chumba kimoja cha kulala kikiwa karibu na mlango wa mbele na choo hicho, kinakuwa cha mkwe leo, cha mama mzee kesho. Mlango wake na wa choo iwe na upana wa sentimita 90, sakafu isiwe na kizingiti, na mlango wa mbele uwe na mteremko mdogo pembeni mwa ngazi. Kitu hiki kinagharimu ndoo chache za zege leo. Kubomoa baadaye ni habari nyingine.

Na msiba. Hakuna anayependa kuutaja wakati wa kuchora nyumba mpya, na ndiyo maana nautaja. Siku hiyo makochi yanatolewa nje, mikeka inatandikwa, kinamama wanakaa sebuleni na kulala hapohapo siku kadhaa. Jeneza linapaswa kuingia na kutoka bila kuinamishwa. Nyumba nyingi mpya zina mlango wa mbele unaoingilia kwenye kijikona chembamba, halafu unapinda kulia. Wabebaji wanahangaika mbele ya wafiwa. Mchoraji apitishe kwenye ramani mstari wa mita 2.2 kutoka nje hadi katikati ya sebule, aone kama unapita bila kugonga kona. Nje pabaki nafasi ya turubai, na kando yake mahali pa mafiga ya sufuria kubwa, karibu na bomba la maji. Nafasi hiyohiyo itabeba kipaimara na kitchen party, kwa hiyo si ya huzuni tu.

Umbo la nyumba kwa nje linaonekana kama suala la urembo, kumbe ni la fedha na la mvua. Nyumba ya mita 12 kwa 10 ina mzingo wa mita 44. Ichongechonge pembe, toa vyumba mbele na nyuma ili ionekane ya kisasa, mzingo unafika mita 56 kwa eneo lilelile. Mita 12 za ziada kwa kimo cha mita 2.7 ni tofali kama 300 za bloku za inchi 18 kwa 9, bila kuhesabu msingi, lenta, lipu na rangi. Na kila mita ya ukuta wa nje inapoteza joto. Kila pembe inazaa bonde kwenye paa, na bonde ndipo bati linapovuja. Paa la kujificha nalo, lenye ukuta kuzunguka na gata iliyozikwa ndani, halina kazi kwenye mji wa mvua za miezi mitano. Majani yakiziba, maji yanarudi juu ya dari na hakuna anayeona mpaka doa litokee sebuleni. Paa la kawaida la pande mbili, ukingo ukitokeza, gata ikionekana na kusafishika, linashinda. Mvua ya milimita 20 kwenye paa la mita za mraba 120 ni lita kama 2,400. Tenki liwe na mahali pake kwenye ramani.

Ndani ya paa hilo dari si jambo la kuja kumalizia fedha ikipatikana. Watu wengi wanahamia kwenye nyumba iliyopauliwa bila dari, na usiku wa Julai bati hutiririsha ubaridi juu ya vitanda. Afadhali vyumba viwili vyenye dari kuliko vinne visivyo nayo. Hapa kuna kichekesho cha Mafinga: Shamba la Miti Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini, liko mlangoni, magari ya mbao yanapita usiku na mchana, lakini mwenye nyumba anapandisha dari ya jipsamu iliyosafirishwa na kutandaza marumaru baridi chumba hadi chumba, kwa sababu mbao inahesabiwa kuwa ya maskini. Mbao kavu ya paini hupitisha joto kiasi cha moja ya tano tu ya tofali la kuchoma. Dari ya mbao, sakafu ya mbao vyumbani, na mbao za kuvalisha ukuta wa kusini kwa ndani zingebadilisha nyumba nzima. Mjini kuna hata kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao, kilichotokana na programu ya Panda Miti Kibiashara iliyofadhiliwa na Finland, nchi iliyozoea nyumba za mbao katika baridi ambayo sisi hatuwezi kuisimulia. Sharti ni mbao iwe imekauka sawasawa. Mbichi itapinda na kuachia nyufa ndani ya msimu mmoja.

Mabomba niyataje kwa kifupi. Jiko, bafu la masta na choo cha wote vikigusana ukuta, maji ya moto hayasafiri umbali mrefu na mashimo ya majitaka yanakuwa upande mmoja, upande wa chini wa mteremko. Viwanja vya Mafinga vina miteremko. Nyumba ndefu ilale kuukingama mteremko, isishuke nao, vinginevyo msingi wa upande wa chini utameza tofali za nyumba ya pili.

Limebaki suala la kujenga kidogo kidogo, ambalo ndilo hali halisi ya wengi. Ramani nzuri kwa mtu wa kipato cha kawaida ni ile inayoweza kukatwa. Awamu ya kwanza iwe jiko kubwa, bafu, vyumba viwili vya kulala na stoo, chini ya paa lililokamilika lenye dari. Sebule na masta vije baadaye, na ukuta utakaoviunganisha uachwe na lenta juu ya mlango ujao. Familia inahamia mapema, inaacha kulipa kodi, na nyumba haionekani gofu. Kinachofanyika sasa ni kunyanyua boma zima kwa mkupuo, fedha inaishia kwenye lenta, na tofali zinanyeshewa miaka sita.

Haya yote yaingie kwenye mchoro unaopelekwa Halmashauri ya Mji kuombewa kibali cha ujenzi, maana kubadilisha baada ya kibali ni safari nyingine ya ofisi. Mwenye uwezo amtafute mbunifu majengo aliyesajiliwa na bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi (AQRB), aje kiwanjani, si kuchora kwa picha. Asiye na uwezo huo aichukue ramani yake ya simu, aandike juu yake kaskazini iko wapi, kisha aizungushe hadi jiko na sebule viangukie upande huo. Kati ya marekebisho yote niliyoyataja hilo ndilo pekee lisilodai hata shilingi, na ndilo litakaloamua kama mtakuwa mnavaa makoti ndani ya nyumba yenu. Lifanye kabla fundi hajafunga kamba za msingi.